Binti wa Amu akitaka kuwa kama Lupita

Mwana wa dadangu ana miaka 17. Wiki iliyopita katwambia, tena mbele ya bibi yake, kwamba akimaliza shule anataka kuwa mwigizaji wa filamu, si mwalimu si nesi. Bibi alikuwa kakaa kwenye mbuzi anakuna nazi, hakuinua hata kichwa, akauliza tu "kama yule mtoto wa Nyong'o?" Basi tangu siku hiyo Lupita Nyong'o, yule Mkenya mwigizaji wa Hollywood, kahamia midomoni mwetu hapa Langoni, mtaa wa Amu, yaani Lamu, kila mtu anamvuta upande wake, na mimi niliyedhani najua niko upande gani nimejikuta sijui.

Wanaosema mtoto aachwe aende wana hoja na si ndogo. Nakumbuka ile Jumatatu ya Machi 2014 habari zilipofika kwamba Lupita kashinda Oscar, Mkenya wa kwanza kuipata, mi nilikuwa kwa msusi, nusu kichwa kimesukwa nusu bado, msusi mwenyewe kaniacha hapo kakimbilia simu tukaanza kumuangalia yule dada na gauni lake la samawati. Mama mmoja akasema "mweusi hivi na mzuri hivi." Kwa mtu wa nje hayo ni maneno tu, kwa mwanamke wa Amu si maneno tu wallahi, manake kwetu husemwa mweusi LAKINI mzuri, lile lakini ndilo lililotulea. Na huyu mtoto wetu ni mweusi ti, keshaambiwa yote, usikae juani, jipake hiki, nani atakuposa. Lupita naye kasimulia hadharani kwamba utotoni alikuwa akimuomba Mungu alale mweusi aamke mweupe, na mwaka 2019 akatoa kitabu cha watoto, Sulwe, juu ya mambo hayo hayo, kikatafsiriwa mpaka Kiswahili na Dholuo. Hata asingecheza filamu nyingine yoyote, kwa hilo tu mimi nina deni lake.

Ila ile kauli yake ya siku ya tuzo, kwamba popote ulipotoka ndoto zako ni halali, huwa inanikwama kidogo. Ndoto halali sawa, nauli je? Lupita kazaliwa Mexico 1983, baba yake Profesa Anyang' Nyong'o alikuwa akifundisha huko wakati siasa za hapa nyumbani zilikuwa moto, nduguye baba alipotea 1980 hakuonekana tena, kwa hivyo si kweli kwamba walikuwa wakila raha tu na anayesema hivyo anawaonea. Lakini tuseme na mengine. Akiwa na miaka 14 kasimama jukwaani Nairobi anacheza Juliet, akiwa na 16 kapelekwa Mexico akajue Kihispania, kisha chuo Marekani, kwanza Hampshire baadaye Yale ambako alimaliza 2012, na baba huku kashakuwa waziri. Ile filamu ya utumwa iliyompa tuzo aliipata akiwa ndio kwanza anatoka darasani, watu wakasema kaibuka ghafla! Ghafla gani ya miaka kumi na tano. Huyu wetu akitaka kwenda kujaribiwa tu, wamuone mara moja, ni boti mpaka Mokowe halafu basi kutwa nzima, na Nairobi alale kwa nani?

Dadangu hapo hunikata. Anasema wewe wahesabu baba na shule tu, mbona huhesabu kwamba kabla ya Yale alikuwa akitumwatumwa kwenye filamu ya Wazungu iliyopigwa Kenya, hayuko hata mbele ya kamera, kisha 2009 akacheza kwenye Shuga ile ya vijana na ukimwi, na mwaka huo huo akatengeneza mwenyewe filamu juu ya watu wenye ualbino. Kweli. Hizo ni kazi ambazo mtoto wa waziri angeweza kuzikataa, na hapo namvulia buibui.

Na kuna ile filamu ya 2018, Subira, ya msichana wa hapa hapa Amu anayetaka kuogelea baharini na wakubwa hawataki, Kenya iliipeleka mpaka kwenye mashindano ya Oscar. Subira akiwa keshakuwa mtu mzima kachezwa na Brenda Wairimu ambaye tulikuwa tukimuona tangu tamthilia za NTV. Kacheza vizuri, sina neno, tuzo ya Kalasha, ya filamu za Kenya, kapata kwa haki yake. Lakini sisi tuliokuwa tukitizama tulikuwa tukisikiliza ulimi zaidi kuliko kuangalia picha, tunangoja ile "ndoo" ya Kiamu, yaani njoo, ituingie sikioni, na mtoto wetu ndipo aliposema mimi hiyo ningeisema vizuri zaidi. Nadhani ndiyo siku alipoharibika, kama ni kuharibika.

Sasa upande wa bibi, ambao vijana huupitia mbio wakisema ni ushamba. Bibi hana shida na kuigiza. Ujanani mwenyewe alikuwa akicheza lelemama na ukimpata siku yuko vizuri atakuigizia bwana harusi aliyeogopa mkewe mpaka ushike mbavu. Wanawake wa Amu wanaigiza kila harusi, matusi mazito, sauti za kiume, kuvaa kanzu za waume zao, kila kitu. Lakini nenda kwenye hiyo harusi uone mlangoni, kuna dada kakaa na kapu, simu yako unaiweka humo, huingii nayo, na yule atakayekamatwa anapiga picha kwa kificho ndani ya buibui, hiyo aibu yake mtaa utaila mwezi. Kwa hivyo kwetu haya, yaani soni, haiko kwenye kucheza, iko kwenye nani anaona, na picha ikishatoka inakwenda wapi. Kamera ni harusi isiyo na mlango. Hilo bibi kalifahamu kuliko sisi tunaoshinda mitandaoni, na sijapata jibu la kumpa.

Tena ana jingine, na hili kalipata kwa Lupita mwenyewe. Oktoba 2017 Lupita aliandika kwenye New York Times jinsi Harvey Weinstein, mkubwa wa filamu wakati huo, alivyomfanyia tangu akiwa mwanafunzi, kumuita nyumbani, kutaka kumkanda, kumwambia kwamba akitaka kuwa mwigizaji lazima akubali mambo kama hayo. Alikataa na kazi haikuharibika. Dadangu anasema umeona, alikataa akafika. Bibi anasema umeona, hata mtoto wa waziri mwenye Yale yake kaguswa, huyu wetu atashikwa na nani? Hadithi ni moja, kila mmoja anaisoma kivyake, na sioni aliyekosea.

Halafu kuna jambo lililonishangaza nilipokuwa nahesabu kazi zake. Baada ya tuzo, uso wake umefichwa mara nyingi. 2015 kwenye Star Wars alikuwa kile kibibi kidogo cha kompyuta, 2016 sauti ya mbwa mwitu, 2024 sauti ya roboti. Kuna wanaolalamika kwamba Hollywood ilimpa tuzo halafu haikujua ifanye nini na uso mweusi vile, na mwenyewe kasema kwamba baada ya kushinda aliletewa kazi za kucheza mtumwa tena. Wengine wanasema hapana, Black Panther je, na ile ya kutisha ya 2019 aliyocheza watu wawili? Na ni kweli, katika hiyo ya 2019 kila mmoja wa wale wawili ana pumzi yake na mwendo wake. Mi naona walalamishi wana haki zaidi kuliko wanavyopewa.

Lakini nilipomuelezea bibi hayo ya sauti, aliacha kukuna nazi. Yeye kila jioni yuko na tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili, anawajua wale waigizaji kwa sauti, akisikia sauti imebadilishwa anagomba na televisheni. Akauliza, "Kwani yule roboti ndani mna mwanamke? Na haonekani?" Haonekani, nikamwambia. "Na analipwa?" Analipwa, tena sana. Bibi akafikiri, akasema basi nasomee hiyo ya sauti, hiyo mimi natoa radhi zangu leo.

Nikaona tumepata njia, nikamuita mtoto mbio. Akasikiliza mpaka mwisho, adabu zake zote, kisha akaniuliza polepole bibi asisikie: "Khalati, miaka yote mwaniambia nijifunike jua, leo tena nijifunike uso?"