Unafuu wa nyumba hautokani na kufinya vyumba
Siikubali hoja ya makala niliyoisoma kwamba nyumba nafuu Dar es Salaam itapatikana tu kwa kufinya vyumba na kujenga ghorofa, kwa kuwa nyumba ya Kiswahili, kama zile za Kariakoo ya zamani na Magomeni, yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uani nyuma, hujengwa chumba baada ya chumba kadiri fedha inavyopatikana, na kodi ya wapangaji humsaidia mwenye nyumba kuimalizia. Uani ndiko tunakopika kwa mkaa, kufua na kulea watoto. Katika ghorofa nyingi nilizoingia, kazi hizo zimesukumwa kwenye kibaraza chembamba, moshi ukirudi ndani. Msanifu anayewaheshimu wakazi angeanza na uani wa pamoja na madirisha yanayopitisha upepo. Mnaoishi ghorofani, mnapikia na kuanika nguo wapi?