Mgongo Wangu Kwenye Kundi la Ukoo

Mgongo wangu umeshaonwa na ukoo mzima, kuanzia Mpwapwa hadi Kongwa, wakiwemo watu ambao hatujawahi hata kusalimiana.

Mama Neema alikuwa ananisugua kwa dodoki, mkono ukakwama begani. Kitu cheusi, kinakwaruza, kina mng'ao wa mafuta. Akakipiga picha, akairusha kwenye kundi bila hata kunipa taulo.

Shangazi akatangaza saratani. Mpwa wangu wa chuo akaongeza kwamba Bob Marley naye alianzia hivyohivyo. Mjomba akamkata: "Marley ilikuwa chini ya ukucha wa mguu, huyu ni bega. Mwacheni afe na ugonjwa wake mwenyewe." Shemeji, ambaye ukimdai elfu kumi hapatikani, alipiga saa nne usiku kuuliza lile shamba la zabibu la Hombolo limeandikwa jina la nani.

Asubuhi nikapakiwa kwenye bajaji. Mama Neema analia, dereva naye akapunguza mwendo kwa heshima.

Daktari wa ngozi, binti mdogo tu, akakisogelea na kilenzi chenye taa. "Mzee, hii si saratani. Inaitwa keratosisi ya seborea. Imekaa juujuu, utadhani imebandikwa. Umri ukisogea zinaota, na wala haziambukizi."

Nikashika shati. "Bado mzee, vua na viatu."

Akaeleza kwamba melanoma, ile saratani ya ngozi iliyo hatari, kwa sisi weusi hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Maneno ya maana kabisa, ila soksi yangu ya kushoto ilikuwa na tundu na kidole gumba kimetoka chote kinawaangalia. Mama Neema akaacha kulia papo hapo, kwa aibu. Nyayo zikaonekana safi. Yaani kitabibu.

Nikaomba kitu kigandishwe kwa nitrojeni kidondoke. Akasema kinaweza kuacha baka jeupe, na kama hakinisumbui nikiache. Kikibadilika ghafla au kikitoa damu, nirudi.

Mke wangu akaanza kucheka. Daktari akamtazama mashavuni, vile vidoa vyeusi anavyoviita vya urembo. "Na hivyo vya mama ni ndugu zake na hicho cha baba."

Kicheko kikakatika.

Nikaandika kundini kwamba si saratani. Amina zikamiminika. Shemeji alichelewa, akaandika akifuta, mwisho ikaingia: "Tunamshukuru Mungu. Ila turubai nimeshalitolea advansi. Huko Kongwa hakuna mwingine anayeumwa?"