Apolo ni kwa l moja

Ukitafuta kwenye ramani ya Kampala utaiona barabara ya Sir Apollo Kaggwa, l mbili na g mbili. Ukishika vitabu alivyoandika mwenyewe huyo Kaggwa, aliyekuwa Katikiro (waziri mkuu) wa ufalme wa Buganda, kikiwemo kile cha historia ya wafalme wa Buganda, utakuta Apolo Kagwa, l moja na g moja. Herufi mbili zimeongezwa hapo njiani. Moja ina haki ya kuwepo. Nyingine imejialika.

Tuanze na iliyo halali. Tahajia ya Kiganda iliyokubaliwa mwaka 1947 huandika konsonanti nzito, yaani inayokazwa mdomoni, kwa kurudia herufi, na w ikitiwa uzito huwa ggw. Ndiyo maana taifa ni eggwanga na mataifa ni amawanga. Mzizi ni uleule. Kwa hiyo Kagwa kuwa Kaggwa ni masahihisho ya haki, jina linaandikwa linavyotamkwa. Lakini l haifuati njia hiyo. L ya Kiganda ikitiwa uzito hugeuka dd: hospitali moja ni eddwaliro, zikiwa nyingi ni amalwaliro. Ll haipo kabisa. Anayeandika Apollo akidhani ameiga mtindo wa Kaggwa, ameandika kitu ambacho Kiganda hakina.

Basi atasema anafuata Kiingereza. Hapo ndipo anapojikwaa mara ya pili, maana mtu wa Biblia tuliyemrithi jina hili, kwa Kiingereza anaitwa Apollos, na s mwishoni. Apollo bila s ni mungu wa Wagiriki, mwana wa Zeus, mwenye kinubi na upinde. Mzazi alikusudia mwalimu wa Efeso, karani akamwandikia mungu wa kwenye masanamu.

Kusema kweli majina hayo mawili yana undugu. Apollos ni kifupi cha Apollonios, yaani mtu wa Apollo, jina la kawaida kwa wasemaji wa Kigiriki wa zama zile. Nakala moja ya kale ya Matendo ya Mitume, ile iitwayo Codex Bezae, inaliandika kwa urefu: Apollonios. Wayahudi wa Misri walikuwa wamezoea majina ya Kigiriki kama sisi tulivyozoea ya Kizungu, na sidhani kama walikuwa wakihangaika kuuliza mungu gani kajificha ndani yake. Mwenye jina anatokea Matendo 18:24: Myahudi mzaliwa wa Iskanderia, msemaji hodari, mjuzi wa maandiko, ila alikuwa anaujua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila, mke na mume mafundi wa mahema, walimsikiliza sinagogi, wakamchukua kwao, wakamnyoosha polepole. Baadaye Wakorintho wakaanza kugawanyika, huyu wa Paulo, yule wa Apolo, ndipo Paulo akaandika: "Mimi nilipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu." Biblia ya Kiswahili nayo, kama mnavyoona, inatumia l moja.

S ya mwisho ilianguka kwa sababu ileile iliyoleta Petero, Pawulo na Tito: neno la Kiganda huishia kwa irabu. Na l ikabaki l, haikuwa r, kwa kuwa katika tahajia ya Kiganda r hukaa baada ya e na i tu. Joel akawa Yoweri, Samuel akawa Samwiri, lakini Apolo ana o kabla yake, kwa hiyo l inasimama. Ukivuka kwenda magharibi, kwenye lugha zinazopenda r, usishangae ukiitwa Aporo. Hilo ni la mdomo, lisikusumbue.

Wamisionari wa Kiprotestanti walifika kwa Kabaka (mfalme) Muteesa wa Buganda mwaka 1877, mapadri Wafaransa wakafuata 1879. Kusoma kulianza kwa Kiswahili, lugha iliyokuwa imeshafika na misafara ya pwani na iliyokuwa na maandishi yaliyochapwa. Biblia nzima ya Kiganda, kazi ya George Pilkington na Henry Wright Duta, ilikamilika 1896, na wakati huo Kaggwa alikuwa ameitwa Apolo na kuwa Katikiro kwa miaka kadhaa. Wale wasomi wa mwanzo walikuwa na macho makali. Hawakuishia kwa Yohana na Petero, walichimba hadi pembeni mwa kitabu wakatoka na Ham, Nuwa, Semei. Hilo la mwisho alilichukua Kakungulu, jemadari wa Kiganda, na wasomaji wengi wa Biblia wanalikumbuka kwa yule aliyemtupia mfalme Daudi mawe!

Jina lilikuwa pia kitambulisho cha dhehebu. Kabaka Mwanga alipoondolewa 1897 na mtoto Daudi Chwa kuwekwa kwenye kiti, watu watatu walishika nchi kwa niaba yake: Apolo Kaggwa, Zakaria Kisingiri na Stanislaus Mugwanya. Hakuna aliyehitaji kuuliza nani anasali wapi. Apolo na Zakaria ni majina ya Biblia, ya Namirembe, kilima cha kanisa kuu la Waanglikana. Stanislaus ni mtakatifu wa Poland, wa Lubaga, kilima cha Wakatoliki. Wakatoliki walibatizwa kwa orodha ya watakatifu, ndiyo maana mashahidi wao, wale waliouawa kwa ajili ya imani, wanaitwa Kalooli, Ponsiano, Dionizio, Anatoli. Hata leo ukikutana na Apolo mwenye umri mkubwa, kisia kwanza kwamba ametoka familia ya Kianglikana. Mara nyingi utapatia.

Watu hudhani jina hili ni la wengi kwa sababu wanalisikia kila siku. Ni la wachache waliosikika sana. Kaggwa alikuwa Katikiro tangu 1889 hadi 1926, alihudhuria kutawazwa kwa mfalme Edward VII London mwaka 1902 pamoja na Ham Mukasa, akafia Nairobi 1927. Mwingine ni Apolo Kivebulaya, aliyezaliwa pacha akaitwa Waswa, akabatizwa 1895, akaenda Toro na kuvuka hadi Mboga, upande wa Kongo, alikofia 1933. Kivebulaya maana yake kitu kilichotoka Ulaya, utani wa watu kwa koti lake. Wa tatu ni Apolo Milton Obote, aliyezaliwa Akokoro mwaka 1925, Kaggwa akiwa bado madarakani Mengo, makao makuu ya Buganda. Wa nne ni Apolo Nsibambi, mwana wa Simeoni Nsibambi wa uamsho wa Balokole (waliookoka), aliyekuwa waziri mkuu 1999 hadi 2011. Hesabuni wenyewe: katika wanne, watatu wamekuwa mawaziri wakuu, mmoja wa Buganda na wawili wa Uganda. Na Apolo wa Korintho kazi yake ilikuwa kutia maji palipopandwa na mwenzake. Kazi ya katikiro kabisa hiyo.

Kwa nini basi halikuenea? Maoni yangu ni kwamba liliponzwa na Kiingereza. Baada ya uhuru wazazi wa mjini waliacha umbo la Kiganda wakachukua la Kiingereza: Samwiri akawa Samuel, Yoweri akawa Joel, Petero akawa Peter. Kila jina lilikuwa na nyumba ya kuhamia. Apolo hakuwa nayo, kwa sababu Waingereza wenyewe hawawaiti watoto wao Apollos. Likabaki kwa mababu, au likaruka kwenda Apollo. Siasa nayo iliongeza lake. Hoteli kubwa ya Kampala, ile tuliyoizoea kama Sheraton, ilianza na jina la Apolo kwa heshima ya Obote, Amin akalifuta. Na ndani ya Buganda, baada ya majeshi ya Obote kuishambulia Lubiri, ikulu ya Kabaka, mwaka 1966, sioni ni mzazi gani angekuwa na haraka ya kumpa mtoto jina la rais yule, hata kama lilikuwa la Kaggwa kwanza.

Kwa Walango wenyewe, kaskazini mwa Uganda alikozaliwa Obote, jina lina mchezo wake. Huko mtoto wa kiume huanza na O na wa kike na A: Okello na Akello, Opio na Apio. Na polo ni mbingu. Kwa sikio la Kiluo, Apolo linasikika kama jina la binti wa mbinguni, na bado Akokoro ilimtoa mwanamume aliyeongoza nchi mara mbili.

Halafu likaja lile la mwezini. Marekani ilishusha watu mwezini kwa Apollo 11 tarehe 20 Julai 1969, na hapo l ya pili ikapata nguvu mpya kwenye redio na magazeti. Mwaka huohuo Afrika Magharibi ilikumbwa na ugonjwa wa macho mekundu ulioanzia Ghana, watu wakaupa jina la chombo hicho, na Nigeria macho mekundu yanaitwa Apollo mpaka leo. Mzazi anayependa l mbili ajue mwanawe akienda kusoma Lagos ataitwa kwa jina la ugonjwa.

Sasa mambo ya makaratasi, ambako ndiko jina hili huumia zaidi. Hati za kwanza za mtoto ni karatasi ya kliniki na kadi ya ubatizo, na kila moja huandikwa na mtu tofauti kwa mkono. Karani akisikia Apolo huandika anachokijua, yaani Apollo, au Appolo, kosa baya kuliko yote kwa kuwa halina asili popote. Usitamke tu; mwandikie kwenye kipande cha karatasi kwa herufi kubwa, na usome fomu kabla hajaigonga mhuri. Angalia pia nafasi zake. Shule zetu huanza na jina la ukoo, Kaggwa Apolo, ilhali fomu za NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho, zina nafasi tofauti, na Apolo huenda kwenye jina la kupewa. Yakigeuzwa, mtoto anakuwa bwana Apolo maisha yake yote.

Mwisho wa kurekebisha bila maumivu ni kabla ya kuandikishwa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, darasa la saba. Jina lililoingia UNEB, baraza la mitihani, ndilo litakalokuwa kwenye cheti, na vyeti vya sekondari vya S4 (kidato cha nne) na S6 (cha sita) vinatazamiwa kufanana nacho. Baada ya hapo, ikiwa kitambulisho cha taifa kina l moja na cheti kina mbili, ofisi ya pasipoti na mwajiri watataka kiapo kilichoapwa mbele ya Kamishna wa Viapo kwamba Apolo na Apollo ni mtu mmoja. Piga nakala kadhaa, maana kila ofisi itabaki na yake. Mtu mzima anayetaka kubadili jina lenyewe, sheria ya usajili wa watu ya 2015 inamtaka atangaze kwanza katika gazeti rasmi la serikali, ndipo apeleke maombi. Kwa herufi moja, mimi ningekula kiapo tu na cheti nikakiacha na l zake mbili.