Wao Limau, Sisi Kimeo

Mwezi wangu wa tatu hapa Connecticut nilimlalamikia Mmarekani mmoja kazini kwamba gari nililonunua linazima kila nikisimama kwenye taa. Akatikisa kichwa: "Umeuziwa limau." Nilidhani sikumsikia vizuri. Kwetu Tanga limau ni dawa ya mafua na la kuondolea shombo ya samaki. Lina kosa gani?

Kumbe msemo ni wa zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 kumpa mtu limau kulikuwa kumbambikia kitu kisichofaa, kisha jina likayaganda magari. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof akaandika kuhusu soko la malimau: muuzaji anaujua ubovu, mnunuzi haujui, kwa hiyo anagoma kutoa bei ya gari zima, wenye magari mazima huyaondoa sokoni, yanabaki mabovu. Majarida 3 yaliikataa makala hiyo kabla haijachapishwa, na mwaka 2001 akapata Nobel. (Madalali wetu wa Kinondoni wameyajua hayo siku nyingi, ila hawana jarida.)

Sisi tuna kimeo, na nalipenda zaidi. Kimeo ni kile kinyama cha kooni ambacho mtoto akikohoa sana bibi hutaka kikakatwe. Gari kimeo nalo ni hivyo hivyo: nje linang'aa, "injini haijafunguliwa, ni kuweka mafuta tu", kumbe kikohozi kiko ndani.

Ila limau lao lina sheria. Jimbo hili la Connecticut lilitangulia, 1982: gari jipya likirudishwa gereji mara 4 kwa ubovu uleule lisipone, mtengenezaji alibadilishe au arudishe fedha. Nyumbani ukimrudia aliyekuuzia, atakuuliza kama hukuliona kabla ya kulipa.

Lakini wageni wangapi tunaanza na gari jipya? Langu lilikuwa la miaka 12, na karatasi dirishani ilisema linauzwa lilivyo. Nikasaini. Mbuzi kwenye gunia, tena Marekani! Nyumbani nisingethubutu kwenda bila fundi wangu, yule anayechomoa kijiti cha oili, akakinusa, kisha akanikonyeza tuondoke. Huku nilijiendea peke yangu, eti niko nchi ya sheria.

Wiki iliyopita nilikwenda kuangalia jingine. Nilimpigia fundi kwa video, Tanga ikiwa saa tano usiku, nikaingiza simu chini ya boneti. Akasikiliza. "Mwambie alizime," akasema, "halafu aliwashe tena."