Usitue Addis Jumatano

Jamani, ukitoka Dar na uchu wako wa nyama, usitue Addis Ababa siku ya Jumatano. Mie ndiyo siku niliyotua. Nimetoka uwanja wa Bole na njaa yangu, nimejisemea leo nyama itanikoma. Naingia mgahawani, naagiza. Dada wa watu ananitazama kwa huruma: leo mfungo.

Mfungo gani tena? Ramadhani haijaingia, Kwaresima haijaingia. Kumbe Waorthodoksi wa Ethiopia Jumatano na Ijumaa hawagusi nyama, maziwa wala yai, karibu mwaka mzima. Ukijumlisha na mifungo mingine, muumini wa kawaida anafikisha zaidi ya siku 180. Na hii ndiyo nchi inayosifika Afrika nzima kwa wingi wa ng'ombe! Nahisi ng'ombe wenyewe ndio walioitunga hiyo kalenda.

Likaja sinia. Sahani hakuna, sahani yenyewe ndiyo inayoliwa: injera, mkate mpana wa tefu, nafaka yao, uliochachuka siku kadhaa, una vitundu vitundu na ukali wa kukunja sura. Juu yake dengu, kabichi, na shiro, rojo zito la unga wa dengu na viungo. Ukiomba kijiko umekuwa kituko. Haya, mkono wa kula ninao, nimekulia ugali. Ila ugali unamega, unafinyanga, unachovya. Hii unaichana, unafungia mboga, ukizubaa tu rojo imeingia kwenye mkono wa shati. Shiro ilikuwa tamu, sibishi. Lakini uchu wa nyama hautulizwi na dengu.

Mara mwenyeji wangu, mzee na mvi zake, kafunga tonge la haja, kalinyanyua mpaka mdomoni kwangu. Mbele za watu! Ndiyo heshima yao, gursha, ukikataa umemvunjia adabu. Kwetu mwanamume analishwa mara mbili: akiwa mchanga, na siku ya harusi wakikata keki. Nikaachama. Sijameza, la pili hilo linakuja.

Alhamisi nikasema leo ndiyo leo. Nikaagiza kitfo: nyama ya ng'ombe iliyokatwakatwa laini, ikachanganywa na samli ya viungo na mitmita, pilipili yao ya unga. Ikaja nyekundu. Nikasubiri waipeleke jikoni. Kumbe ndiyo imetoka huko! Meza ya pili jamaa ana pande zima bichi, anakata kwa kisu, anachovya pilipili, anatafuna huku anaongea na simu. Mie ambaye mshikaki usipokauka naurudisha kwa mchomaji! Nikaomba waipitishe motoni. Wanaipitisha kweli, wanaiita lebleb, na kupita ndiko huko: ikarudi vuguvugu, rangi ile ile.

Kahawa siwasemi. Wanaikaanga mbele yako, ubani unafuka, bisi pembeni, duru tatu, na ya tatu inaitwa baraka. Hata saa wanahesabu kama sisi, jua likichomoza ni saa kumi na mbili. Lakini mtu hashibi saa.

Ijumaa, nimejaa dengu mpaka kooni, mzee ananisindikiza Bole. Akauliza narudi lini. Nikamwambia mwezi ujao, mzigo haujakamilika. Akafurahi kweli kweli.

"Vizuri! Utatukuta kwenye Kwaresima. Siku 55 tu."