Chokoleti ya Kunywa, Kigamboni

Kabla hata mahari haijatajwa, ukweni kwa mpwa wangu walishaleta masharti. Shangazi wa binti ana kisukari, babu maziwa humvuruga tumbo, kijana mmoja akila karanga koo linavimba, na kitinda mimba wao haruhusiwi ngano hata chembe. Kitamu nikabebeshwa mimi.

Masharti hayo yanatimizika bila hata kuwasha jiko, mradi shangazi aonje kidogo tu. Gramu 300 za tende zisizo na kokwa, loweka dakika kumi kwenye maji moto, kisha chuja hadi zisitoe tone, maana zikibaki na maji donge halishikani. Saga na gramu 50 za kakao isiyo na sukari, gramu 100 za ufuta uliokaangwa na chumvi kidogo. Blenda iwe haijawahi kusaga karanga. Mabaki hujificha chini ya visu. Shindilia kwenye trei. Juu yake mwaga mililita 100 za mafuta ya nazi yaliyochanganywa na gramu 40 za kakao, weka kwenye friji saa mbili, kata.

Vipande vilitoka vinang'aa, vikivunjwa vinalia ka! Tatizo ni kwamba mafuta ya nazi huyeyuka yakifika karibu nyuzi 24, na Dar mwezi wa Januari mchana hupita nyuzi 24 kwa mbali. Siagi ya kakao ingevumilia hadi 34 hivi, lakini bei yake ni mahari nyingine. Ndiyo maana nilipanga trei ndani ya boksi la barafu, nikalifunga, nikamkabidhi shemeji.

Foleni ya pantoni ilikuwa imefika barabarani. Kufika ng'ambo, nafungua boksi: soda, maji, soda. Trei iko kwenye buti la gari, juani.

"Shemeji, watu wazima watakunywa soda ya moto?" akaniuliza, tena kwa uchungu.

Tabaka la juu lilikuwa limegeuka mafuta meusi, na kwa vile trei ilitaka kumwagika, shemeji alikuwa amelikoroga pamoja na tende "lishikane". Nikaificha jikoni, nikatoka kusalimia.

Niliporudi, shangazi wa kisukari ameshakombea kila kitu kwenye sufuria na kumiminia maji moto ya chupa ya chai.

"Mwanangu, uji wako ulikuwa mzito."

Na ukakubali! Chokoleti ikiingiwa na matone machache ya maji huganda chengachenga, ila ukiyazidisha hulainika tena. Ukawa mzito kiasi, mweusi, unanukia ufuta. Babu akamaliza kikombe bila tumbo kunguruma.

"Shangazi, taratibu, tende ni sukari."

"Si umesema hukutia sukari?"

"Sikutia mimi. Mungu ndiye katia."

"Basi Mungu hakosei," akajibu. Bintiye akamnyang'anya kikombe cha pili.

Nikamtafuta yule mdogo wa ngano nimpe chake. Nimechelewa: mjomba mmoja alikuwa akichovya andazi moja kwa moja sufuriani, chembe zinaelea. Kwa mtoto yule, sufuria nzima ilikuwa imekwisha hapo hapo. Akapewa ndizi, akanitazama kama mwizi.

Posa ilikubaliwa. Juzi shangazi kapiga simu: kuna kipaimara Jumapili, niwaletee ndoo mbili za ule uji, na shemeji aje na boksi lake la soda.