Mng'ao wa Rangi ya Gari Huanzia Kwenye Msasa

Mafundi wengi wa rangi, wakishamaliza kupiga msasa wa maji, hukimbilia mashine ya kung'arishia wakiamini kwamba kazi yote iliyobaki ni ya mashine. Naona kwamba mng'ao huamuliwa mapema zaidi, kwenye karatasi ya mwisho ya msasa.

Msasa hauondoi mikwaruzo, bali huacha midogo mahali palipokuwa na mikubwa. Chembe za msasa namba 1500 zina ukubwa wa mikroni (sehemu za elfu za milimita) 12 hadi 13 hivi, na za namba 2000 hukaribia mikroni 10. Anayeishia 1500 huilazimisha mashine kuula uso wote hadi ulingane na kina cha mikwaruzo hiyo, kazi inayohitaji pedi ya sufu, dawa kali ya kung'arishia na kugandamiza kwa muda mrefu, na hapo ndipo joto linapopanda. Anayeendelea hadi 3000 huacha ukungu mwepesi ambao sponji na dawa ya wastani huutoa bila shida. Muda uliookolewa kwa kuruka namba huishia kulipwa na vanishi ya gari, yaani tabaka angavu lililo juu ya rangi.

Na vanishi hiyo si nyingi. Katika magari mengi yatokayo kiwandani huwa na unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, yaani nyembamba kuliko unywele, na ndiyo inayobeba viambato vya kuikinga rangi ya chini dhidi ya mionzi ya jua. Ikishapunguzwa hairudi ila kwa kupuliziwa upya. Kwenye kingo za boneti na mikunjo ya milango hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa rangi hukaa kidogo hapo na uzito wote wa pedi huangukia mstari mmoja. Kwa hiyo sioni kisingizio cha kutozifunika kingo kwa utepe wa karatasi kabla ya kuanza. (Maji ya ndoo nayo yabadilishwe mara kwa mara, maana punje moja ya mchanga iliyonasa chini ya msasa huchora mstari ambao namba 3000 haitaufuta.)

Linaloniudhi zaidi ni ukaguzi wa haraka. Dawa nyingi za kung'arishia zina mafuta yanayojaza mikwaruzo midogo, hivyo gari humeta vizuri siku ya kukabidhiwa, kisha baada ya kuoshwa mara kadhaa huonyesha mawimbi ya mashine kila linaposimama juani. Uso ufutwe kwanza kwa pombe ya isopropili iliyochanganywa na maji, ukaguliwe kwa taa iliyoelekezwa kwa mshazari, ndipo fundi aseme amemaliza. Nta ije baadaye kabisa, na kama rangi ni mpya, isubiri muda ulioelekezwa na mtengenezaji wa rangi ili viyeyushi viishe kutoka.

Ukaguzi huo ukifichua mkwaruzo mmoja mrefu karibu na ukingo, mimi huchagua kuulainisha kidogo na kuuacha. Mwenye gari anaweza kunung'unika, lakini anapaswa kuelezwa kwamba kuufuata hadi mwisho wake kunaweza kuitoboa vanishi, na kwamba baada ya hapo dawa yake ni kupiga rangi upya.